Malisho ya msaada yafike kabla ng'ombe hajazaa

Kwa Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wafugaji wa ng'ombe wa nyama hapa Pwani, pamoja na serikali za kaunti na mashirika yanayogawa malisho wakati wa ukame. Kiangazi kikikaza, malori ya nyasi hupakiwa kuelekea Kinango, Ganze, Voi na Hola. Mtu aliyewahi kuona ng'ombe akivutwa mkia ili ainuke hawezi kulibeza jambo hilo. Lakini mara nyingi nyasi hizo hufika mifugo ikiwa imeshaanza kuanguka, na hugawanywa sawa kwa sawa: dume, maksai, mtamba (jike ambaye bado hajazaa) na ng'ombe mwenye mimba wote fungu moja. Ng'ombe anaokolewa asife, naam, ila ndama wa mwaka unaofuata ameshapotea, na hakuna anayemhesabu kwa kuwa hakuwahi kuzaliwa.

Mazungumzo ya uzazi wa ng'ombe wa nyama yameelekezwa mno kwenye mbegu: Boran, Sahiwal, fahali kutoka bara. Mbegu ina nafasi yake na tutaigusa. Kinachoamua zaidi ni namna ng'ombe anavyofugwa, na ndani ya namna hiyo, miezi mitatu ya mwisho ya mimba ina uzito kuliko mingine yote.

Tuanze na hesabu. Ng'ombe hubeba mimba siku 285 hivi. Zebu wa kienyeji na Boran huweza kuvuka kidogo. Mwaka una siku 365. Kwa hiyo anayetakiwa kuzaa kila mwaka ana siku 80 tu tangu azae hadi ashike mimba nyingine. Katika hizo 80, mfuko wa uzazi unahitaji siku 30 hadi 45 kurudi ulivyokuwa. Zinazobaki ni 35 hadi 50, na joto la ng'ombe, yaani hali ya kutaka kupandwa, hurudi kila baada ya siku 21. Yaani ana nafasi mbili za kupandwa, tatu akibahatika. Joto moja likipita bure, siku 21 zimekwenda.

Sasa chukua ng'ombe 100. Wakizaa kila baada ya siku 365, ndama ni 100 kwa mwaka. Muda kati ya uzazi na uzazi ukiwa miezi 20, jambo la kawaida kwa mifugo ya kuhamahama ambako huwa kati ya 18 na 24, ndama wanashuka hadi 60. Tuseme 6 wanakufa kabla ya kuachishwa ziwa. Wamebaki 54, na nusu yao ni madume. Mitamba 27 iliyobaki ndiyo ijaze pengo la waliozeeka, waliokufa kiangazi na waliouzwa kulipa karo. Kundi la namna hiyo likipigwa na ukame kama ule ulioanza 2020 na kuua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini, huchukua miaka mingi kusimama tena.

Kwa nini ng'ombe hachelewi kuzaa ila huchelewa kurudi kwenye joto? Sababu kubwa ni njaa na ndama, na hizo mbili hushikana mikono. Chakula akilacho ng'ombe kina foleni yake. Kwanza unahudumiwa mwili wenyewe, pamoja na safari ya kisimani na kurudi. Pili kukua, kama bado ni mtamba. Tatu maziwa. Mimba mpya ndiyo ya mwisho kuketi kwenye sinia. Ng'ombe aliyezaa akiwa amekonda, ukimwongezea chakula, sehemu kubwa ya nyongeza inakwenda kwenye kiwele. Ndama ananenepa na mama anabaki mifupa. Ndiyo maana kumrudishia mwili baada ya kuzaa ni ghali, na huchukua muda ambao hana. Kabla ya kuzaa hana anayemnyonya, na chakula kidogo hufanya kazi kubwa. Tena ndama aliye tumboni hupata karibu theluthi mbili ya uzito wake wa kuzaliwa katika siku 90 za mwisho. Mama anayelala njaa siku hizo humlisha mwanawe kwa nyama ya mgongo wake.

Ndama naye, kwa kunyonya na hata kwa kuwa karibu tu na mamake, huzuia ubongo wa mama kutoa homoni ya kupevusha yai. Kwa ng'ombe aliyenona kizuizi hicho hulegea katika wiki chache. Kwa aliyekonda kinaweza kudumu hadi ndama aachishwe ziwa.

Unono hupimwa kwa jicho na mkono, na mfugaji yeyote anaweza kuupima bila mizani. Kipimo kinachotumika sana kwa ng'ombe wa nyama kina alama 1 hadi 9. Simama nyuma ya ng'ombe, kando kidogo, asubuhi kabla hajanywa maji, maana tumbo lililojaa hudanganya. Tazama mbavu, kisha nyonga, kisha shina la mkia. Ukiweza kuhesabu mbavu zote ukiwa mbali, uti wa mgongo umechomoza kama meno ya msumeno, na pande mbili za shina la mkia zimebonyea kiasi cha kuingiza ngumi, huyo ni 2 au 3. Zikionekana mbavu mbili tatu za nyuma tu, na mgongo umefunikwa lakini vidole vinausikia bila kubonyeza, ni 4. Mbavu zisipoonekana ila ukibonyeza unazipata, na shina la mkia limejaa, ni 5. Ng'ombe mzima atakiwa azae akiwa 5. Mtamba wa uzazi wa kwanza awe 6, kwa sababu bado anakua, anabadilisha meno, na ndiye huchelewa kuliko wote kurudi kwenye joto.

Kupandisha alama moja ni kuongeza kilo 30 hadi 45 kulingana na umbo la ng'ombe. Kwa siku 90 hiyo ni theluthi hadi nusu kilo kwa siku, kazi inayowezekana. Kwa siku 30 machungani haiwezekani. Basi siku ya kupima ni pale mimba inapotimiza miezi 6. Kungoja tumbo lishuke na kiwele kijae ni kuchelewa.

Alishwe nini? Nyasi zilizokaushwa na jua la kaskazi huwa na protini chini ya asilimia 7, na chini ya hapo vijidudu vya tumbo kubwa hukosa nguvu ya kumeng'enya. Ng'ombe hula kidogo hata kama nyasi ni tele. Kumwongezea nyasi kavu juu ya nyasi kavu hakumsaidii sana. Anahitaji protini ya kuliamsha tumbo lake ili zile nyasi alizo nazo zimfae. Sisi wa Pwani tuna mashudu ya mbata, yaani masalio ya nazi kavu iliyokamuliwa mafuta, yenye protini asilimia 20 hivi. Boran wa kilo 350 hadi 400 apewe kilo 1 kwa siku, zebu mdogo wa kilo 200 na kitu apewe nusu kilo, kwa siku 75 za mwisho. Kwa Boran hiyo ni kilo 75, gunia moja na nusu la kilo 50. Si lazima yatolewe kila siku. Kilo 2 leo, kesho hapana, keshokutwa tena kilo 2, hufanya kazi ile ile na humpunguzia mchungaji shughuli. Ila yanuse kwanza. Unyevu wetu huyaharibu upesi: yakitoa harufu ya mafuta makuukuu au ukiona ukungu, usimpe mwenye mimba.

Mashudu ya pamba yana protini nyingi zaidi, lakini hubeba sumu iitwayo gosipoli inayoharibu mbegu za fahali. Yawe chakula cha majike. Majani ya mti wa lusina nayo ni mazuri, mradi yasizidi theluthi moja ya chakula chote. Yakizidi kwa muda mrefu nywele za mkia huanza kudondoka. Mwenye mabua ya mahindi anaweza kuyapandisha daraja kwa mbolea ya urea: kilo 4 za urea zilizoyeyushwa katika lita 60 za maji, kunyunyizia kilo 100 za mabua yaliyokatwakatwa, kisha kufunika kwa karatasi ya nailoni pasipo upenyo wa hewa kwa wiki 3. Ukifunua, acha harufu kali itoke nusu siku ndipo ulishe. Hapa tunasisitiza. Urea isiyoyeyuka vizuri, au jiwe la kulamba la urea na molasi lililonyeshewa likageuka uji, huua ng'ombe kwa saa chache. Ndama wa chini ya miezi 6 asiguse kabisa.

Ng'ombe anayetafuna mifupa machungani ana upungufu wa fosforasi, na upungufu huo huchelewesha joto. Chumvi ya jikoni haina fosforasi. Anahitaji chumvi ya madini, gramu 50 hadi 100 kwa siku, ndani ya hori lenye kipaa juu. Mifupa yenyewe iokotwe ifukiwe, maana huweza kubeba sumu ya botulizimu inayolemaza ulimi na miguu.

Ranchi yenye uzio ina faida moja kuliko zote: inaweza kumtenga fahali. Fahali akiingizwa kundini 1 Februari, wa kwanza watazaa karibu 13 Novemba, vuli ikiwa imeshika. Akiingizwa 8 Juni, wa kwanza watazaa karibu 20 Machi, masika yakiwa mlangoni. Nyika za Taita, ambako vuli huaminika zaidi, zinafaa kalenda ya kwanza. Ukanda wa karibu na bahari, ambako masika ndiyo mvua hasa, ile ya pili. Kila moja ina gharama yake. Anayezaa Machi amebeba miezi mitatu ya mwisho katika kaskazi. Anayezaa Novemba ameibeba katika ukavu wa Agosti hadi Oktoba. Hakuna kalenda inayoikwepa njaa kabisa, ila anayejua njaa itaangukia mwezi gani anaweza kununua mashudu mapema, bei ikiwa bado chini.

Ranchi hukosea kwa kumhurumia ng'ombe anayezaa mwishoni. Tuseme fahali hukaa kundini siku 90 kila mwaka. Ng'ombe aliyeshika mimba siku ya 85 atazaa siku ya 370, wakati fahali wa msimu mpya ameshaingia siku 5. Fahali huyo hutolewa siku ya 455. Mama amebakiwa na siku 85, toa 45 za kupona, na sasa anategemea joto mara mbili. Akikosa yote mawili atakaa mwaka mzima mtupu akila malisho ya wenzake. Mitamba iingiziwe fahali wiki 3 kabla ya ng'ombe wakubwa, ili wazae mapema na wapate muda wa ziada wa kurudi. Siku 60 baada ya fahali kutoka, daktari wa mifugo apime mimba wote kwa mkono. Watupu wauzwe wangali na nyama, kabla kiangazi hakijawakausha.

Mtamba asipandishwe kwa umri, apandishwe kwa uzito: asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake. Kwa Boran wa kilo 400 hiyo ni kilo 240 hadi 260, kwa zebu wa kilo 250 ni 150 hadi 162 hivi. Akishika mimba chini ya hapo, atazaa kwa shida na uzazi wa pili utachelewa sana. Na kumpandisha zebu mdogo kwa mbegu ya Charolais au Simmental, ng'ombe wakubwa wa Ulaya, kwa tamaa ya ndama mkubwa ni ukatili. Nyonga yake haina nafasi ya kumpitisha.

Kwa wafugaji wa kuhamahama wa Tana River na mipaka yake, Waorma, Wawardei na Wasomali, twataka kwanza kusema jambo la haki. Kulinganisha ng'ombe wao na wa ranchi kwa idadi ya ndama peke yake ni kuwaonea. Ng'ombe wa ranchi ana kazi moja, kumlea ndama. Huyu wa kuhamahama hutembea kilomita nyingi kutafuta maji, humlea ndama, na hulisha watoto wa nyumba kwa maziwa yake. Hatuwezi kumwambia mama aache kukamua. Tunachoomba ni kwamba mwenye alama 3, na hasa aliyezaa mara ya kwanza, aachwe bila kukamuliwa miezi miwili ya mwanzo. Kwa wengine, ndama aachiwe chuchu mbili kila mama anapokamuliwa. Maziwa yanayopungua leo hurudi mwakani kwa ng'ombe mwenye ndama mpya kiweleni.

Mifugo hiyo ina jambo ambalo mgeni hulisoma vibaya. Baada ya ukame, mvua nzuri ya kwanza inapokuja, majike karibu wote waliosalia hurudi kwenye joto pamoja, kwa sababu hawana ndama na miili imejaa. Mwaka unaofuata wote wananyonyesha, na wachache hushika mimba. Ukipima mimba mwaka huo ukawauza watupu wote kwa kanuni ya ranchi, utakuwa umeuza ng'ombe walioshinda ukame. Katika kuhamahama, mtupu auzwe akikosa misimu miwili mfululizo ya mvua nzuri, si mmoja. Kuhusu mbegu, utafiti uliofanywa katika ranchi ya Galana ulionyesha kuwa Boran wa Waorma huhimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kuliko Boran wa kawaida. Nagana hupunguza damu, hutoa mimba na huondoa nguvu za fahali. Penye mbung'o, fahali wa Waorma mwenye umbo la wastani ana thamani kuliko fahali mnene atakayeishi kwa sindano.

Kwa wenye ng'ombe watatu au wanne wanaofungwa kamba, kule Kinango, Kaloleni na Ganze, njaa ipo lakini tatizo la kwanza ni kukutana na fahali. Joto la zebu ni fupi, mara nyingi saa 10 hadi 12, na hupenda kuja usiku. Aliyefungwa kamba hawezi kumfuata dume wala kupandwa na wenzake, kwa hiyo dalili kuu hutaiona. Amka kabla jua halijatoka umtazame: ute mwangavu kama ute wa yai unaoning'inia au uliokaukia kwenye mkia, nywele za shina la mkia zilizovurugika, matope ya kwato ubavuni, mlio usio wa kawaida, maziwa yaliyopungua ghafla. Aliyeonekana alfajiri apelekwe kwa fahali siku hiyo hiyo, asubuhi na tena jioni. Kwa uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mrija, aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni, aliyeonekana jioni ahimilishwe asubuhi, maana yai hutoka saa 10 hadi 14 baada ya joto kwisha. Hata hivyo kwa zebu wa kamba, penye mhudumu aliye mbali na simu isiyoshika, tunaona fahali mzuri ana faida zaidi. Majirani sita wakijenga zizi moja la usiku na kuwaacha ng'ombe wao humo bila kamba pamoja na fahali mmoja, ng'ombe hao watashika mimba wengi kuliko kwa mwaka mzima wa kukimbizana na kamba njiani.

Fahali huyo apimwe. Fahali mzima anatosha majike 25 katika eneo kubwa. Kijana wa miaka miwili, 15. Fahali wa kikundi anayezungushwa vijiji vitatu akihudumia 60 atachoka, na ng'ombe wasioshika mimba ndio watakaolaumiwa. Mpime mzunguko wa mfuko wa korodani kwa futi ya kushonea: shika shingo ya mfuko kwa juu, vuta korodani zishuke sawia, zungusha futi sehemu iliyo pana kuliko zote. Boran aliyekomaa asiyefika sentimita 30 usimnunue, hata awe na mgongo mzuri namna gani. Zipapase: ziwe sawa kwa ukubwa, ngumu kiasi, bila uvimbe. Mtazame akitembea, maana fahali mwenye maumivu ya mguu wa nyuma hapandi. Na kumbuka mbegu huchukua siku 60 hivi kutengenezwa. Homa aliyougua Desemba, au jua kali bila kivuli, huonekana Februari kwa majike wanaorudi rudi. Hii ni sababu ya kupanda mti karibu na zizi la fahali.

Kuna maradhi mawili ya kupandana, trikomona na kampilobakta, ambayo hayamwoneshi fahali dalili yoyote. Jike hushika mimba, mimba hufa changa, na mfugaji huona tu kwamba anarudi kwenye joto baada ya wiki 6 au miezi 3. Ukiona hivyo kwa majike wengi waliotumia fahali mmoja, mshuku fahali. Govi lake lioshwe na maji hayo yapimwe mara tatu, wiki kwa wiki, akiwa amepumzishwa asipande. Aliyezidi miaka 4 akikutwa na trikomona achinjwe, kwani mikunjo ya ngozi yake imeshakuwa makao ya kudumu ya vijidudu hivyo. Majike wapumzishwe bila kupandwa miezi 3 na wengi hupona wenyewe. Fahali yeyote wa kukopeshana apimwe pia damu kwa brusela, ugonjwa unaotoa mimba. Na ahamishwe kila baada ya miaka 3, kwa sababu hapo binti zake wa kwanza wameanza kuingia joto.

Mimba inayotoka mwezi wa 5 hadi wa 9, pamoja na kondo la nyuma lililokataa kushuka, ifikiriwe brusela mpaka kipimo kiseme vingine. Usilishike kondo kwa mikono mitupu, usimwachie mbwa, choma au fukia kwa kina. Maziwa yachemshwe. Mimba zikitoka kwa wingi kwa mpigo mmoja baada ya mvua kubwa na mbu, huku ndama wachanga wakifa, pigeni simu kwa daktari siku hiyo hiyo, maana homa ya Bonde la Ufa ya 1997 na ile ya 2006 na 2007 zilianza hivyo hivyo, na huua watu.

Kwa ng'ombe mwenye alama 4 au 5 aliyezaa zaidi ya siku 45 na bado hajaonyesha joto, ipo njia isiyo na gharama. Mtenganishe na ndama saa 48, mbali kiasi cha kutosikilizana, ndama akiwa na maji safi na majani laini kivulini, kisha warudishe pamoja fahali akiwa zizini. Wengi huingia joto katika siku chache. Kwa aliyekonda njia hii haifanyi kazi, nasi tumesikitika kuona ikijaribiwa kwa ng'ombe wa alama 2: mama habadiliki, na ndama hudhoofika bure.

Yapo pia yanayotendeka mjini. Katika machinjio, mfuko wa uzazi wa jike unapopasuliwa na ndama akakutwa ndani, mara nyingine ameshaota manyoya na kwato zake ni laini kama sabuni, huo ni uzao uliolipiwa na kiangazi kizima kisha ukatupwa. Aliyemuuza hakujua. Kupima mimba sokoni kabla jike hajapanda lori la kuja Mombasa huchukua dakika chache kwa mkono uliozoea. Tungependa kila soko la mifugo la Pwani liwe na kibanio cha kumsimamishia ng'ombe na mpimaji siku za mnada, na jike mwenye mimba ya miezi 5 au zaidi apewe nafasi ya kuuzwa kama mzazi, kwa bei ya mzazi.

Kwa wanaogawa malisho, ombi letu ni hili. Kabla lori halijatoka, kila kijiji kitenge majike wenye mimba ya miezi 6 au zaidi walio chini ya alama 5, na mitamba ya mimba ya kwanza hata ikiwa 5. Hao wapewe fungu lao kwanza, na fungu hilo liwe na mashudu na chumvi ya madini, si nyasi tupu. Kwa watakaozaa masika, mashudu yanunuliwe Novemba na yafike zizini wiki ya kwanza ya Januari.

Wahudumu wa afya ya mifugo,
Changamwe, Mombasa